Antivairasi Inalia Kila Ukifungua Tovuti Ileile: Mwongozo Kamili wa Kujua Tatizo Liko Wapi na Kulimaliza

Januari, saiba za Kondele na zile za katikati ya mji wa Kisumu hujaa wazazi wanaotaka kuchapishiwa barua za watoto kujiunga na shule. Mhudumu anafungua tovuti ya shule, na kabla ukurasa haujatulia, kisanduku chekundu kinaruka kwenye kona: tishio limezuiwa. Anakifunga, kinarudi. Anakifunga tena, kinarudi tena. Mzazi wa tatu anapofika na ombi lilelile, mhudumu ameshaizima antivairasi "kwa dakika kumi tu", na kompyuta ambayo watu wanaingilia iTax, eCitizen na HELB inashinda bila ulinzi mpaka jioni.

Onyo linalojirudia huwa limebeba anwani. Anayeisoma anwani hiyo hujua kwa haraka kama ugonjwa uko kwenye kompyuta, kwenye ruta, au kwenye tovuti yenyewe. Asiyeisoma hutibu pasipouma. Kuna waliofomati kompyuta zote za ofisi kwa ajili ya tovuti ya mtu mwingine iliyodukuliwa, na kuna waliomgombeza mwenye tovuti kwa wiki nzima kumbe kirusi kimelala kwenye laptopu yao. Mwongozo huu unafuata mpangilio ninaoutumia ninapoitwa: kusoma kwanza, kupima, kisha ndipo kushika dawa.

Hatua ya kwanza: Piga picha onyo, kisha lisome

Usibonyeze chochote kwanza. Piga picha kwa simu, au hifadhi picha ya skrini. Ikiwa kisanduku kimeshapotea, fungua antivairasi yako na utafute historia. Karibu zote huweka kumbukumbu ya kila zilichozuia, pamoja na saa. Kwenye Windows Defender kumbukumbu hiyo iko chini ya historia ya ulinzi.

Tuseme onyo lina mistari hii:

Anwani: https://shule.example/wp-content/themes/kijani/js/menu.js
Tishio: JS:Redirector
Programu: chrome.exe

Anza na mstari wa mwisho, maana ndio watu huuruka. chrome.exe, msedge.exe au firefox.exe maana yake kitu hicho kilikuwa kinaingia kupitia kivinjari. Hapo bado hatujui mkosaji ni nani. Lakini ukikuta powershell.exe, wscript.exe, mshta.exe (programu za Windows za kutekeleza amri na skripti), au faili yenye jina la ajabu iliyo ndani ya folda ya AppData, kuna kitu ndani ya kompyuta yako kinachojaribu kutoka nje. Tovuti usiilaumu, ruka hadi hatua ya nne.

Mstari wa kati ni jina la tishio. Kila kampuni ina majina yake, kwa hiyo usishangae Avast na ESET zikikiita kitu kimoja kwa majina mawili. Muhimu ni mwanzo wa jina. JS ni JavaScript, yaani msimbo unaotekelezwa na kivinjari chako ukurasa unapofunguka. Redirector ni ile tabia ya kumchukua mgeni na kumpeleka kwingine. HEUR, ambayo Kaspersky hupenda kuiandika, ina maana kwamba programu imekisia kutokana na sura na mwenendo wa faili, haijalinganisha na kirusi kinachojulikana. URL:Blacklist ya Avast ni kitu tofauti kabisa: anwani iko kwenye orodha ya waliopigwa marufuku, na faili yenyewe pengine haijakaguliwa hata kidogo. Huyu wa mwisho ndiye anayebaki akilia hata baada ya tovuti kusafishwa.

Sasa anwani. Tafuta jina lililo kabla ya mkwaju mmoja wa kwanza, kisha ulisome kuanzia kulia. Katika mfano wetu ni shule.example. Anwani kama kra.go.ke.malipo.example haihusiani na KRA, hata kama imeanza kwa jina lake. Mwenye nyumba ni malipo.example. Linganisha jina hilo na lile lililo kwenye upau wa anwani wa kivinjari. Yakiwa sawa, faili yenye shida iko ndani ya tovuti uliyoifungua. Yakitofautiana, tovuti uliyoifungua inaita kitu kutoka kwa mtu mwingine: tangazo, kihesabu cha wageni, fonti, kisanduku cha gumzo.

Hili la pili si la kubahatisha. Mwaka 2024 jina la polyfill.io, lililokuwa likitoa skripti kwa tovuti nyingi bure, liliuzwa kwa kampuni ya Kichina, na kufikia Juni skripti hiyo ilikuwa inawapeleka baadhi ya wageni kwenye tovuti za kamari na utapeli. Tovuti zaidi ya 100,000 ziliguswa. Wenyewe hawakuwa wamebadilisha hata herufi moja kwenye kurasa zao. Mgeni waliyemkaribisha miaka ya nyuma ndiye aliyegeuka.

Hatua ya pili: Je, aliyekuonya ni antivairasi kweli?

Maonyo mengi ninayoonyeshwa kwenye simu, na hata kwenye laptopu za nyumbani, hayatoki kwa antivairasi yoyote. Ni arifa za kivinjari. Siku moja mtu aliingia tovuti ya kutazama mpira bure, ikamwambia "bonyeza Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti", akaruhusu. Tangu hapo anapokea ujumbe: kompyuta yako ina virusi 5, leseni yako imeisha leo, bonyeza hapa. Umepambwa kwa nembo ya McAfee au Norton ambayo hakuwahi kuinunua.

Kuitambua si kazi ngumu. Arifa ya kivinjari huwa na jina la kivinjari na anwani ya tovuti iliyoituma kwa maandishi madogo, mahali watu hawaangalii. Ujumbe unaotaka upige simu, ulipe kwa kadi au usakinishe kitu papo hapo, huo ni utapeli. Ukurasa unaojaza skrini yote na kupiga king'ora ni utapeli pia. Ufunge kwa Alt na F4, na ikikataa, zima kivinjari kupitia kidhibiti cha majukumu cha Windows (Task Manager). Ukikifungua tena usikubali kirejeshe kurasa za awali.

Dawa ni fupi. Kwenye Chrome fungua Mipangilio, Faragha na usalama, Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Ondoa zote usizozijua, na mimi huondoa hata ninazozijua. Kwenye Chrome ya Android fungua Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa, au ishikilie arifa yenyewe kwa kidole hadi ikupe nafasi ya kuizima.

Kuna ukurasa mwingine wa hatari zaidi ambao umeenea: unajifanya kukagua kama wewe ni binadamu, halafu unakuagiza ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Hapo unakuwa umebandika amri ya mdukuzi na kuitekeleza kwa mkono wako mwenyewe. Hakuna ukaguzi halali wa tovuti unaohitaji hayo. Ndugu zake ni kurasa zinazosema kivinjari chako kimepitwa na wakati na kukupa faili ya "sasisho". Chrome hujisasisha yenyewe kupitia mipangilio yake. Haisasishwi na tovuti ya shule wala ya kanisa.

Hatua ya tatu: Pima kwa kubadilisha kitu kimoja kimoja

Hapa ndipo fundi anapotengana na mbahatishaji. Unabadilisha kitu kimoja, unaangalia, kisha unabadilisha kingine.

Kwanza, fungua tovuti ileile kwenye kompyuta ileile, ila kwa hali fiche ya kivinjari (Incognito). Viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, kwa kawaida havifanyi kazi humo. Onyo likipotea, mshukiwa wako ni kiendelezi, ingawa usimhukumu bado. Fungua pia tovuti nyingine tatu nne ambazo hazihusiani. Kama zote zinaleta onyo lenye anwani moja, tovuti ya shule haina kosa lolote.

Pili, ondoa kompyuta hiyo kwenye Wi-Fi ya saiba, iunganishe kwa bando la simu yako, kisha jaribu tena. Onyo likitoweka kwenye bando na kurudi kwenye Wi-Fi, elekea kwenye ruta.

Tatu, tumia kompyuta nyingine kwenye mtandao mwingine kabisa, iwe na antivairasi inayofanya kazi. Mwombe rafiki aliye Nakuru au Kakamega ajaribu kutoka kwake. Naye akiona onyo lilelile kwa anwani ileile, basi tovuti inaumwa, na huna haja ya kugusa kompyuta yako zaidi ya kuikagua kwa tahadhari.

Nne, funga kivinjari kabisa na ungoje. Onyo likiendelea kuja, kuna programu inayofanya kazi chinichini. Kumbuka tu kwamba Chrome yenyewe inaweza kubaki hai baada ya kufungwa, kwa hiyo zima kwanza ile sehemu ya mipangilio ya mfumo inayoiruhusu kufanya hivyo.

Hatua ya nne: Ikiwa ni kompyuta yako

Kabla ya kuskani, angalia mahali ambapo wengi hawafiki: orodha ya vitu ambavyo antivairasi imeagizwa isivikague. Kwenye Windows Defender iko ndani ya mipangilio ya ulinzi wa virusi, chini kabisa, kwa jina la "Exclusions". Kompyuta nyingi za saiba zina Windows au Office iliyoamilishwa kwa krak (programu haramu ya kukwepa kununua leseni), na krak hizo huja na maagizo ya kuzima antivairasi kwanza, kisha nyingine hujiandika zenyewe kwenye orodha hiyo. Nimekuta kompyuta ambayo diski C nzima imeandikwa humo. Ungeiskani mpaka kesho, ingekwambia iko safi. Ondoa kila kitu usichoweza kueleza kwa nini kiko hapo.

Baada ya hapo fungua orodha ya viendelezi vya kivinjari na ufute visivyojulikana: vya kupakua video, vya kuponi, vya kubadilisha PDF. Kisha sasisha antivairasi na ufanye uskani kamili, si ule wa haraka. Defender ina pia uskani wa nje ya mtandao ambao huizima na kuiwasha kompyuta, ukaikagua kabla Windows haijaamka. Huchukua kama dakika 15. Hifadhi kazi za wateja kabla ya kuubonyeza.

Onyo likibaki, kagua yafuatayo kwa mpangilio huu. Mipangilio ya proksi ya Windows (kompyuta ya kati ambayo intaneti yako hupitia): isiwe na anwani usiyoiweka. Faili ya hosts, inayoiambia Windows jina la tovuti lielekee wapi, iliyo kwenye C:\Windows\System32\drivers\etc: mistari isiyoanza na alama ya # inafaa iwe michache au isiwepo kabisa. Kisha kipanga kazi cha Windows (Task Scheduler), ukitafuta kazi inayoita powershell au faili iliyo AppData kila baada ya dakika kadhaa. Hapo ndipo maonyo "yanayojileta yenyewe" hutokea mara nyingi.

Ukikuta kitu kinachoiba manenosiri, kukifuta ni nusu ya kazi. Badilisha manenosiri ya barua pepe na benki kutoka kwenye kifaa kingine kilicho safi, na uondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti zako. Kwa saiba, waambie wateja waliotumia kompyuta hiyo siku za karibuni, hata kama ni aibu. Halafu weka kivinjari kwenye hali ya mgeni, ili kila mteja akifunga, alichoingia nacho kiondoke.

Kompyuta iliyo na Windows 10 iangaliwe kwa jicho la pekee: Microsoft iliacha kuipa masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025.

Hatua ya tano: Ikiwa ni ruta

Hutokea mara chache, nami sitakaa sana hapa. Ingia kwenye ruta, kwa kawaida kupitia 192.168.0.1 au 192.168.1.1, uangalie seva za DNS, zile zinazogeuza jina la tovuti kuwa nambari ya seva yake. Zikiwa nambari ambazo wewe wala mtoa intaneti wako hamkuziweka, mtu ameingia. Rudisha ruta kwenye hali ya kiwandani, sasisha programu yake, weka nenosiri jipya la usimamizi, zima usimamizi wa kutoka nje, kisha uweke DNS unayoiamini kama 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Ruta iliyobaki na admin/admin tangu ilipofungwa ukutani ni mlango usio na komeo. Dalili nyingine ya ruta kuingiliwa ni vivinjari kulalamikia vyeti vya usalama kwenye tovuti kubwa ambazo huwa hazina shida.

Hatua ya sita: Ikiwa ni tovuti, thibitisha kabla ya kusema

Nakili anwani bila kuifungua tena, uende VirusTotal, ubandike sehemu ya kukagua anwani. Huduma hii ya Google huuliza makumi ya kampuni za usalama kwa pamoja. Angalia tarehe ya matokeo, kwa sababu mara nyingi hukuonyesha ya zamani mpaka uombe ukaguzi mpya. Kampuni moja tu ikisema ni mbaya na nyingine zote kimya, kuna uwezekano wa kengele ya uongo, ingawa anaweza pia kuwa ndiye wa kwanza kuona. Zikifika tano sita, achana na mjadala. Ongeza ukaguzi wa hali ya tovuti kwenye ripoti ya uwazi ya Google, ile orodha ya Safe Browsing ambayo Chrome, Firefox na Safari huitumia kuonyesha ukurasa mwekundu, na ukaguzi wa Sucuri SiteCheck. Huyu Sucuri huona tu kile kinachoonekana kutoka nje. Hana macho ya kuingia kwenye seva.

Ukishathibitisha, mpigie mwenye tovuti simu. Usitumie fomu ya mawasiliano iliyo kwenye tovuti hiyohiyo. Mtumie picha ya onyo, anwani kamili, saa, na antivairasi uliyotumia. Kama unahitaji barua ya kujiunga leo, iombe shule ikutumie PDF kwa barua pepe au WhatsApp. Kuiwekea tovuti ruhusa kwenye antivairasi kwa sababu ya karatasi moja ni bei kubwa mno.

Jitayarishe kwa jibu hili: "Kwangu inafunguka sawa tu." Naye hasemi uongo. Misimbo mingi ya wadukuzi imeandikwa kumkwepa mwenye mali. Haijitokezi kwa mtu aliyeingia kama msimamizi. Hujitokeza mara moja tu kwa kila mgeni, ikaweka alama kwenye kivinjari chake na kunyamaza. Nyingine hungoja mgeni aliyetoka kwenye matokeo ya Google, au anayetumia simu. Mwalimu anayesimamia tovuti huandika anwani moja kwa moja, akiwa ameingia, kwenye kompyuta ya ofisi. Anaona bustani na picha ya mwalimu mkuu. Mwambie atoke kwenye akaunti, achukue simu isiyowahi kufungua tovuti hiyo, azime Wi-Fi, atafute jina la shule kwenye Google na kubofya tokeo. Akijikuta kwenye tovuti ya kamari au "umeshinda simu", mazungumzo yanabadilika.

Hatua ya saba: Ikiwa tovuti ni yako

Tovuti nyingi za shule, sakos na biashara za huku zimejengwa kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, kwa hiyo nitaeleza hiyo. Mpangilio una maana; ukiuvuruga utasafisha leo na kesho ukaanza upya.

Iweke tovuti kwenye hali ya matengenezo ili wageni wasiendelee kuumia. Kisha chukua bekapu ya kila kitu jinsi kilivyo, faili na hifadhidata, uiweke kando ukiandika kwamba imeambukizwa. Utaihitaji ukifuta kitu kimakosa, au ukitaka kujua mdukuzi alipitia wapi.

Skani kompyuta unayosimamia tovuti kwayo. Nenosiri jipya lililoandikwa kwenye laptopu yenye mwizi ni zawadi. Ikishakuwa safi, badilisha manenosiri ya cPanel (paneli ya kusimamia nafasi yako ya seva), FTP (njia ya kupandisha faili), hifadhidata, WordPress na barua pepe inayopokea ujumbe wa kubadilisha nenosiri. La hifadhidata lazima liandikwe pia kwenye wp-config.php, faili ya mipangilio ya WordPress, la sivyo tovuti itazimika. Ukiwa ndani ya faili hiyo, badilisha zile funguo nane za siri. WordPress hukutolea mpya kwenye api.wordpress.org/secret-key/1.1/salt. Hatua hiyo humtoa nje kila aliyeingia, mdukuzi akiwemo. Fungua pia orodha ya watumiaji na ufute kila msimamizi usiyemjua.

Sasa faili. Futa folda za wp-admin na wp-includes, uweke nakala safi za toleo lilelile kutoka wordpress.org, usiguse wp-content wala wp-config.php kwa pupa. Ndani ya wp-content/uploads panapaswa kuwa na picha na hati. Ukikuta faili ya PHP (msimbo unaotekelezwa na seva) humo, ifungue kwa kihariri cha maandishi: baadhi ya plagini (programu za nyongeza za WordPress) huweka index.php tupu isiyo na madhara, lakini yenye maneno eval na base64_decode ikifuatiwa na mlolongo wa herufi zisizosomeka ni mlango wa nyuma. Angalia folda ya mu-plugins, kwa kuwa plagini zilizomo hujiendesha zenyewe na huwezi kuzizima kutoka kwenye dashibodi. Soma .htaccess, faili ya maagizo kwa seva, mstari kwa mstari, ukitafuta masharti yanayotaja google na kumhamisha mgeni. Soma functions.php ya themu, yaani kifurushi cha sura ya tovuti. Panga faili kwa tarehe ya kubadilishwa, ila usiitegemee sana tarehe, kwani huweza kughushiwa.

Kwenye hifadhidata, tafuta "<script" ndani ya jedwali la machapisho na la chaguo. Msimbo unaojificha humo haufutwi na usafishaji wowote wa faili.

Themu na plagini zote zilizopatikana "bure" ilhali huuzwa, zifute. Hizo ndizo njia ya kawaida ya kuingia, na anayezitoa bure ameshajilipa. Zilizobaki, zifute na kuzisakinisha upya kutoka chanzo chake, kisha zisasishwe. Plagini iliyozimwa tu bado iko kwenye seva na bado inashambuliwa.

Swali linalobaki ni kwa nini tovuti nyingine zinaugua tena baada ya siku mbili. Ninapoangalia hukuta moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni kazi za cron, yaani kazi zilizopangiwa saa, ndani ya cPanel: mstari mmoja unaotumia curl au wget (amri za kupakua faili) kuvuta kirusi upya kila baada ya dakika chache. Unasafisha asubuhi, adhuhuri kimerudi, nawe unadhani kuna mtu anakuchezea. Fungua ukurasa huo na ufute usichokiweka.

La pili ni majirani. Mjenzi wa tovuti mjini Nakuru ananunua nafasi moja ya seva, anaweka humo tovuti ya shule, ya duka la vipuri, ya kanisa, na folda ya "test" aliyoisahau ikiwa na WordPress ya miaka kadhaa iliyopita. Zote zinatumia akaunti moja, kwa hiyo aliyeingia kupitia test anaandika faili popote. Ukisafisha ya shule peke yake, ile ya test inaiambukiza tena usiku. Safisha zote kwa wakati mmoja, ufute zisizotumika, na kila mteja umpe akaunti yake. Ukiona mjenzi wako hataki kufanya hivyo, hamisha tovuti. Kwanza hakikisha jina la .co.ke au .sc.ke limesajiliwa kwa jina la taasisi, maana mwenye jina ndiye mwenye neno.

Kama tovuti ilikuwa na fomu za kujiandikisha zenye majina, simu au nambari za vitambulisho vya wazazi, kuna suala la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu ulipogundua kwamba data imefikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli kwa wahusika. Mashambulizi unaweza kuyaripoti pia KE-CIRT/CC, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Hatua ya nane: Kujiondoa kwenye orodha za marufuku

Tovuti inaweza kuwa safi na antivairasi bado zikalia, kwa sababu orodha hazijibadilishi papo hapo. Sajili tovuti kwenye Google Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, fungua sehemu ya masuala ya usalama, usome kurasa zilizotajwa, kisha uombe ukaguzi. Eleza kwa ufupi ulichokuta, ulichofuta, na mlango uliofunga. Kwa programu hasidi jibu huja baada ya siku chache. Kwa tovuti iliyojazwa taka za matangazo inaweza kuchukua wiki kadhaa. Usiombe kabla hujamaliza: tovuti inayosafishwa na kuambukizwa mara kwa mara Google huiweka kwenye kundi la wakosaji wa kurudia, na kwa siku 30 mwenye tovuti hawezi kuomba ukaguzi mwingine.

Google akikuachilia, kampuni za antivairasi hazilazimiki kumfuata. Rudi VirusTotal, omba ukaguzi mpya, uandike majina ya zile ambazo bado zinakushikilia. Kila moja ina ukurasa wake wa kupokea malalamiko ya kengele ya uongo: Avast, Kaspersky, ESET, Bitdefender na Microsoft zote wanao. Peleka kwa kila moja. Ikiwa zote zinalalamikia anwani ya nje, kama ile ya tangazo au kihesabu, iondoe tu kwenye ukurasa. Huna jinsi ya kumsafishia mtu nyumba yake.

Kwa mwezi wa kwanza kagua VirusTotal kila wiki, na uache barua pepe inayosomwa kila siku kwenye Search Console. Onyo likirudi na anwani ni ileile ya mwanzo, fungua kwanza ukurasa wa cron. Ikiwa anwani ni mpya, anza na plagini iliyosakinishwa mwisho.